Tyson Mizanini

Katika mabaraza ya wapenzi wa masumbwi liko suali lisilokauka: Mike Tyson wa miaka ya themanini alikuwa bingwa wa kweli, au sifa zilimzidi kimo?

Wanaomtetea huanza na tarehe. Tarehe 22 Novemba 1986, mjini Las Vegas, alimshinda Trevor Berbick katika raundi ya pili, akawa bingwa wa dunia wa uzito wa juu akiwa na miaka 20, mdogo kuliko wote waliomtangulia. Kufikia Agosti 1987 alikwisha kuikusanya mikanda mitatu mikuu. Juni 1988 alimmaliza Michael Spinks, ambaye hakuwa ameshindwa na mtu, kwa sekunde 91.

Wanaompinga hawayakanushi hayo. Huuliza tu alipigana na nani. Larry Holmes, aliyempiga Januari 1988, alikuwa na miaka 38, na tangu 1986 hakuwa amepanda ulingoni. Spinks alilelewa na uzito ulio chini ya huo. Na wengine, wasema, walikwisha kushindwa kabla ya kengele kulia: woga uliwapiga, konde likaja kutia muhuri.

Hoja hiyo ina uzito, ila haitoshi. Holmes aliendelea kupigana hadi 2002. Akashindwa mara kadhaa, lakini kwa pointi. Katika mapambano yake 75, ni Tyson peke yake aliyemkomesha kabla ya kengele ya mwisho. Uzee ungekuwa ndio sababu, wangeliweza na wengine.

Washairi wa pwani wanaijua mizani ya namna hii. Malenga hatambulikani kwa beti anazowasomea wanaomwogopa, bali siku anapojibiwa. Tyson alijibiwa Tokyo, tarehe 11 Februari 1990. James Douglas, aliyefiwa na mama yake wiki chache tu kabla, aliangushwa katika raundi ya nane, akainuka. Katika raundi ya kumi akamwangusha bingwa, naye akashindwa kuiwahi hesabu.

Watetezi hudai kuwa huyo hakuwa tena Tyson yule. Mlezi wake, Cus D'Amato, alifariki 1985. Mkufunzi wake, Kevin Rooney, waliachana 1988, na kule kuyumbisha kichwa kulikowafanya wapinzani wapige hewa kukafifia. Ni kweli. Lakini ustadi unaohitaji mtu mwingine pembeni ili udumu ni ustadi ambao haujakomaa.

Basi haki igawanywe. Kasi yake, shabaha yake na ulinzi wake wa miaka ile havikutiwa chumvi. Kilichotiwa chumvi ni ile kauli kwamba hakuna bondia wa zama zozote ambaye angesimama mbele yake. Kauli hiyo ilimdhuru yeye kwanza: kijana wa miaka 23 aliyesifiwa kuwa hashindiki hakuwa na sababu ya kujifunza namna ya kuinuka.