Aliyefika kwa Kuanguka

Ajali haina kinga, walilonga wahenga. Walakini, anayenusurika huachiwa swali zito: je, aliyeanguka kabla ya mwisho wa safari amefika au hakufika?

Swali hilo lilimkabili Beryl Markham, rubani aliyelelewa Njoro. Jioni ya tarehe 4 Septemba 1936 aliruka peke yake kutoka Abingdon, Uingereza, akikusudia New York. Ndege, Vega Gull yenye injini moja, ilikuwa ya kuazima. Mwenyewe aliitaka irudi mapema ishiriki mashindano ya mwezi uo huo, kutoka Portsmouth hadi Johannesburg.

Usiku kucha alipambana na giza, mvua na upepo wa omo. Kanada ilipokwisha kuonekana, barafu iliziba matundu ya hewa ya tangi la mafuta. Injini ikakohoa, ikanyamaza. Akalenga uwanda uliokuwa mbele yake. Kumbe ni kinamasi! Magurudumu yakazama, pua ikachimba tope, mkia ukaelekea mbinguni. Akatoka, damu ikimtiririka usoni.

New York ilimshangilia: hakuna mwanamke aliyewahi kuvuka Atlantiki peke yake kutoka Uingereza kuelekea magharibi. Yeye alisikitika kwamba hakufika alikokusudia.

Hata hivyo, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mwaka 1942 kilitoka kitabu chake, West with the Night. Baadaye alirejea Kenya, na farasi aliowafunza wakashinda mbio kubwa. Alifariki Nairobi mwaka 1986, nusu karne baada ya tope lile kumpokea.