Hadithi Niliyomsingizia Bibi

Jarida hili hutufikia sisi wa Matuu kwa mikono ya makondakta wa mabasi, na mara nyingi huwa limechelewa wiki moja au mbili. Baba hulisoma kwanza, pale kwenye mkahawa wetu kando ya barabara iendayo Garissa, kisha humpa mama, nami hulipata mwisho likiwa na alama za vikombe vya chai. Nimelisoma tangu nikiwa darasa la sita. Leo naomba nafasi ya kuliandikia, kwa kuwa nina deni, na mwenye kunidai ni bibi yangu wa Majengo, Mombasa, ambaye husomewa jarida hili kila Ijumaa baada ya chakula cha mchana. Bibi hajui Kiingereza, na deni langu lilianzia hapo.

Mwaka 2023 nilikuwa Kidato cha Tatu katika shule ya kutwa hapa Matuu. Mwalimu wetu wa Kiingereza alitutangazia mapema kwamba mwaka ule hatungesomea mtihani peke yake. Kila muhula tungekuwa na mradi mmoja wa kututoa nje ya darasa, tukasikilize watu, kisha tuyaandike kwa Kiingereza tuliyoyasikia. Darasa lilifurahi. Kwa wanafunzi arubaini na watatu waliobanana katika chumba kimoja chenye bati la moto, kutoka nje ni neema hata kama ni kwenda kazini.

Mradi wa kwanza ulihusu maji. Msafiri apitaye Matuu huona maembe na nyanya zimepangwa kando ya barabara, akadhani nchi hii hunyeshewa sana. Sivyo. Mashamba mengi hapa huishi kwa Mfereji wa Yatta, uletao maji kutoka Mto Thika kwa mwendo wa takriban kilomita 60, nao ulichimbwa katika miaka ya 1950, wakati wa hali ya hatari, kwa jasho la wafungwa wa Mau Mau. Kundi letu la watu watano lilitumwa kwa mzee mmoja mkulima wa mishiri. Ilikuwa Ramadhani, na mzee yule, ambaye si Muislamu, alipojua kwamba nimefunga aliwakataza wenzangu kunywa maji mbele yangu. Alizungumza Kikamba, mwenzetu mmoja akanifasiria. Tulimuuliza mfereji umewafaa nini watu. Alinyamaza kidogo, akasema, “Waliouchimba hawakuyanywa.” Kisha akarudi kufungua maji yake.

Tuliporudi darasani tuliandika kwamba mfereji umeinua hali ya maisha ya wakazi na kuchangia uchumi wa taifa. Mzee hakusema hivyo. Hakuna mtu aliyetuambia hivyo. Lakini maneno yale yalikuwa tayari vichwani mwetu, yametoka vitabuni yakiwa yamenyooshwa kama sare ya Jumatatu, na neno la mzee halikuwa na mahali pa kukaa katikati yao. Tulipata alama nzuri. Nakumbuka sikuona ubaya wowote.

Muhula wa pili ukaja mradi wa fasihi simulizi, ambayo katika mtaala wetu husomwa pia ndani ya somo la Kiingereza. Kila mmoja alitakiwa aende kwa mzee wa ukoo wake, apokee hadithi moja, aiandike kwa Kiingereza, na chini yake aweke jina la msimulizi, mahali na tarehe. Mwalimu alitueleza habari za John Mbiti, mzaliwa wa Mulango kule Kitui, aliyekusanya hadithi za Wakamba na kuzichapisha mwaka 1966. Siku hiyo kipindi kizima kilikuwa cha vitendawili. Wenzangu wakaita, “Kwata ndai!” na darasa likaitikia, “Nakwata!” Nami nikaombwa niite kwa desturi ya kwetu. Nilipomaliza, msichana mmoja akasema kwa sauti, “Wewe ni Mswahili wa Mombasa. Hadithi yako itatushinda sisi sote.” Niliketi nikiwa nimevimba kama andazi.

Jumamosi ya tarehe 27 Mei nilimpigia bibi simu.

“Hadithi gani tena, mwanangu?” akasema. “Hadithi ni za usiku, na usiku mimi nalala. Niulize bei ya samaki.” Akanieleza bei ya samaki, akanieleza magoti yake, akaniuliza kama mama angali anakohoa, mpaka salio la simu likaisha.

Nililichukua hilo kuwa jibu. Ningeweza kupiga tena, tena usiku, kama alivyokwisha kuniambia waziwazi. Sikupiga. Wenzangu walikwenda kwa bibi zao, ambao wao huwaita susu, huko Kithimani, Ikombe na Katangi, wakarudi na vumbi miguuni na sauti za wazee ndani ya simu. Yule msichana aliyenisifu alituletea ya susu wake: wanyama wote walichimba maji wakati wa ukame, sungura akakataa kuchimba, kisha akawa ndiye mwizi wa maji usiku. Niliisikiliza kwa sikio moja. Moyoni nilisema, hadithi ya kijijini, kila mtu anaijua.

Yangu niliitunga kwa usiku miwili. Msichana wa Mombasa anatumbukia kisimani, anakaa siku tatu kwenye mji wa samaki wanaosema, na anarudi na lulu, ambayo anaigawa kwa majirani. Niliweka mnazi, niliweka jahazi, niliweka adhana ikisikika kutoka juu ya maji. Nilimalizia kwa funzo, kwa kuwa walimu hupenda funzo. Chini yake nikaandika jina kamili la bibi yangu, Majengo, Mombasa, 27 Mei 2023. Tarehe ilikuwa ya kweli.

Dhamiri yangu haikukaa kimya kabisa, lakini niliipatia hoja. Si wenyewe tunaposimuliana huitikia, “Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea”? Kama uongo umekaribishwa mlangoni na wazee wetu, kosa langu li wapi?

Nilipewa alama 18 kwa 20. Mwalimu akazikusanya hadithi zetu zote katika kijitabu, akatoa nakala 43 kwenye duka la fotokopi, na yangu akaitanguliza. Ya susu ilikuwa ukurasa wa 19.

Sikuwaza kwamba baba angejivuna kiasi kile. Mwanzoni mwa likizo ya Agosti alikichukua kijitabu, akakifunga kwa karatasi ya kaki, akampa dereva amfikishie mama yake Mombasa. Binamu yangu aliye chuoni akakaa na bibi, akamfasiria hadithi yangu kwa Kiswahili, sentensi baada ya sentensi. Usiku ule simu ya mama ikalia, akanipa.

“Mwanangu,” bibi akasema, “hiyo hadithi nimeisikia. Ni nzuri. Lakini si yangu. Mbona wanisingizia?”

Nikaitoa hoja yangu. “Bibi, hata sisi wenyewe twasema uongo njoo.”

“Uongo ule twauita sote tumekaa, na sote twaitikia. Huu wako ameuitikia nani?” Nikakosa la kusema. Yeye akaendelea, kwa sauti nyingine kabisa, “Na huyo mtoto, siku tatu kisimani, amekula nini?”

Ndugu wasomaji, nimeadhibiwa mara kadhaa katika maisha yangu ya shule, lakini swali lile la chakula lilinitia haya kuliko adhabu yoyote. Katika siku zangu tatu za chini ya maji hakukuwa na njaa. Mtu aliyewahi kulea watoto asingeweza kuisimulia hadithi ile, na kila aliyemjua bibi angelitambua hilo. Darasani hakuna aliyemjua.

Juma lililofuata baba alinipandisha gari, Matuu hadi Nairobi, kisha basi la usiku hadi Mombasa. Siku ya pili, baada ya Isha, tukiwa tumekaa uani juu ya mkeka, bibi akaita mwenyewe bila kuombwa: “Paukwa!” Tukaitikia, “Pakawa!” Akasimulia ya wanyama waliochimba kisima penye mawe ya matumbawe, wakapokezana kuchimba, na sungura akasema mikono yake ni midogo. Kila usiku maji yakaibwa. Simba alilinda, akadanganywa. Fisi alilinda, akadanganywa. Mwisho akalinda kobe, amepakwa ulimbo mgongoni, amejilaza kimya kando ya kisima kama jiwe la kukanyagia. Sungura akakanyaga, akanasa mguu, akapiga kwa mkono, na mkono ukanasa. Bibi aliigiza kunasa kwake mpaka buibui lake likaanguka begani, nasi tukacheka.

Nilijua tangu wanyama walipoanza kuchimba. Nilikuwa nimeisikia Matuu kwa sikio langu moja. Tofauti ni kwamba wanyama wa susu walichimba katika mchanga wa mto uliokauka, kama watu wa Ukambani wafanyavyo mpaka leo, na hawakuwa na ndoo.

“Nani alikupa hadithi hii, bibi?”

“Mama mmoja wa Kikamba, alipanga chumba cha pili kwetu nikiwa mtoto, kabla ya uhuru. Akiuza makaa. Jioni akishanawa mikono atukusanya sote, wake na wa watu.” Akalitaja jina la mama yule, akamrehemu, akataja na kijiji chake, ingawa hakuwa na hakika kama alikitamka sawasawa.

Basi iliyokuwa ya bibi yangu, ya pwani, ya Kiswahili, ilikuwa imetoka upande huu wa kwetu Matuu, na mimi nilikuwa nimeidharau pale pale ilipotoka, ili nibuni kitu chenye minazi. Nikamkumbuka pia mzee wa mishiri na waliochimba wasinywe. Katika ripoti yetu yote hapakuwa na neno lililolifikia lake, nasi ndilo tuliloliacha nje.

Niliporudi nilimweleza baba yote. Hakunigombeza. Alinikumbusha tu kitu nilichofundishwa madrasa nikiwa mdogo, kwamba wanazuoni wa hadithi za Mtume, swalla Allahu alayhi wasallam, hawakuridhika kuuliza limesemwa nini. Waliuliza fulani amelipokea kwa nani, na huyo kwa nani, mpaka mwisho wa mnyororo. Akasema ngano za sungura si dini, na hakuna atakayezitafutia isnadi, lakini jina la mtu ni jina la mtu. Kisha akasema, “Kesho kutwa shule zikifunguliwa, wewe mwenyewe ndiwe wa kwenda.”

Nimewaza sana kwa nini nilithubutu. Kwa Kiswahili nisingethubutu. Kama mradi ule ungeandikwa kwa Kiswahili, ningemwona bibi mbele yangu kwa kila neno, kwa sababu yeye angeweza kulisikia na kulikana. Kiingereza kilikuwa kama pazia: mimi na mwalimu upande huu, bibi upande wa pili, na ningeweza kumvika maneno yoyote niyatakayo. Ndivyo tulivyomfanyia hata mzee wa mfereji. Silaumu lugha. Naipenda, na alama zangu za somo hilo si mbaya. Nasema tu nilichokitumia kwacho.

Mwalimu alinisikiliza nikiwa nimesimama karibu na meza yake katika chumba cha walimu. Akachukua kalamu, akaikata ile 18, akaandika sifuri. Halafu akaniambia kuhusu Edward Steere, askofu Mwingereza aliyekusanya hadithi huko Unguja na kuzichapa London mwaka 1870, Kiswahili ukurasa mmoja na Kiingereza ukurasa wa pili, vikitazamana. “Na wewe utaandika hivyo,” akasema. “Upande mmoja maneno ya bibi yako, kama alivyoyatamka. Upande wa pili yako.” Tena nikaamriwa niandike kwa mkono kikaratasi cha masahihisho, kwamba hadithi ya kwanza ni utungo wangu mwenyewe na haikusimuliwa na aliyetajwa, nikakibandike katika kila nakala, arubaini na tatu, nikimwomba kila mwenzangu nakala yake kwa mdomo wangu.

Muhula huo wa tatu mradi ulikuwa kuigiza sehemu ya The Samaritan, tamthilia ya John Lara tuliyokuwa tukiisoma kwa ajili ya mtihani wa taifa, inayohusu wanafunzi waliobuni programu ya simu ya kufichulia ufisadi katika mji wao. Nilipewa nafasi ya mmoja wa wanafunzi hao. Mchana nikifichua mafisadi jukwaani kwa sauti kubwa, jioni nikizunguka na gundi. Wenzangu hawakuacha kulitaja hilo, na walikuwa na haki.

Nakala zilizopata kikaratasi ni arubaini na moja. Ya arubaini na mbili ilikwenda Kitui na mwenzetu aliyehama shule. Ya mwisho, mwenyewe aliniapia kwamba mama yake aliwashia jiko.

Desemba nilimpelekea bibi kurasa zinazotazamana. Binamu akasoma upande wa Kiswahili, bibi akamkatiza mara mbili kusahihisha, kisha akaridhika. Jina la muuza makaa lilikuwamo, chini ya lake. Akanirudishia karatasi, akanyoosha miguu juu ya mkeka.

“Na yule mtoto wa kisimani,” akauliza, “umempa chakula?”

Nikamwambia bado.