Baba alipoleta gari la jeshi nyumbani

Majirani wa mtaa ule, katika mji mmoja wa kusini mwa Uingereza, walilisikia gari kabla ya kuliona. Lilikuja likinguruma, rangi ya kijani iliyokolea isiyong'aa, turubai nyuma, tairi la akiba juu ya boneti. Baba alishuka akitabasamu kama mtoto aliyenunuliwa viatu vya Sikukuu. Mama, muuguzi aliyekuwa ametoka zamu ya usiku, alisimama mlangoni na khanga begani.

"Baba watoto, umeleta gari au umeleta vita?"

Lilikuwa Land Rover 109 la mwaka 1979, lililotumikia jeshi la Uingereza kabla ya kuuzwa kwa raia. Baba alilipata kwa mtu aliyelinunua mnadani, kwa akiba ya miaka mitatu. Mama alikuwa amedhani akiba ile ni ya kumalizia nyumba Arusha.

Kwa Baba, gari hilo halikuwa anasa. Alizaliwa Arusha, na marehemu baba yake aliendesha 109 akipeleka watu na mizigo Mererani. Harufu ya petroli na turubai lililoloa ndiyo harufu ya utoto wake. Alipenda kuwasimulia watoto kwamba hata Land Rover lenyewe lina asili ya gari la jeshi: baada ya Vita Kuu ya Pili, Maurice Wilks wa kampuni ya Rover alikuwa na jipu la Kimarekani lililobaki vitani, akilitumia katika shamba lake kisiwani Anglesey. Kutokana na jipu hilo akapata wazo, na mwaka 1948 Land Rover la kwanza likaonyeshwa Amsterdam. Bodi ikawa ya aluminiamu kwa sababu chuma kilikuwa adimu.

Watoto, binti wa miaka kumi na mbili na mdogo wake wa kiume wa miaka tisa, walilipenda mara moja. Katikati ya viti vya mbele kulikuwa na vishikio vya bunduki. Mama alivigeuza kuwa mahali pa miavuli. Chini nyuma kulikuwa na kitaa kidogo kinachomulika difu iliyopakwa rangi nyeupe. Baba aliwaeleza kuwa usiku, msafara wa jeshi ukizima taa kubwa, dereva wa nyuma hufuata weupe huo tu. Kijana alitaka kila jioni kiwashwe.

Jumapili wakaanza kutoka. Karibu na kwao kuna Salisbury Plain, uwanda mkubwa ambao jeshi hufanyia mazoezi, lakini umekatwa na njia za vumbi na matope ambazo raia anaruhusiwa kupita na gari. Huko mtu hukuta kibao kinachoonya kuwa vifaru hukatiza njia, na bendera nyekundu zikipepea haingii mtu upande wa shabaha. Baba alijifunza mambo ambayo mzee wake aliyajua bila kitabu: kushuka na fimbo kupima dimbwi kabla ya kuliingia, kuweka gia nzito kabla ya matope na si ndani yake, na kutoshika usukani kwa kuzungushia vidole gumba, kwa sababu tairi likigonga jiwe usukani hugeuka ghafla na kuvunja kidole. Tena hakwenda peke yake. Waliongozana na marafiki wawili wenye magari kama hilo, ili mmoja akikwama mwingine amvute.

Watoto walikaa nyuma, kwenye mabenchi yanayotazamana, bila mikanda. Mama alilisema hilo mara ya kwanza, na mara ya pili. Baba alijibu kuwa sheria ya huko inaruhusu mtoto aliyezidi miaka mitatu kukaa nyuma katika gari la zamani lililotengenezwa bila mikanda. Mama akanyamaza, lakini si kwa kuridhika.

Kulikuwa na jambo jingine. Karibu kila Jumapili jioni binti alirudi akilalamika kichwa, na mdogo wake akikataa chakula. Mama alidhani ni kelele za injini, au kurushwarushwa, maana springi za gari lile hazina huruma. Jumatatu asubuhi walikuwa wazima.

Siku moja ya Novemba mvua iliwakuta uwandani. Gari likazama katika tope jeupe la chokaa, sehemu ya nyuma ikiwa imeegemea ukingo. Rafiki alikwenda kuleta kamba. Baba aliacha injini ikiunguruma ili watoto wapate joto, akateremsha turubai za pembeni, na kuacha pazia la nyuma wazi kidogo. Baada ya kama nusu saa, kijana alitapika. Binti akasema, "Mama, kichwa kinapasuka, na miguu haina nguvu."

Mama alichukua kutoka mkobani kile kipimo cha kubana kidoleni. Kilisoma 98. Baba akashusha pumzi. "Si unaona? Oksijeni iko sawa. Ni kichefuchefu cha safari."

Lakini gari lilikuwa limesimama, safari ilitoka wapi? Na hata Mama mwenyewe alihisi kichwa kizito. "Zima injini!" alipaza sauti. "Tokeni nje wote, sasa hivi!" Watoto wakasimama kwenye mvua wakitetemeka.

Mama alijua jambo ambalo kipimo kile hakiwezi kulisema. Gesi ya kaboni monoksaidi, inayotoka kwenye injini, haina rangi wala harufu. Ikivutwa, hushikamana na himoglobini ya damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200. Kipimo cha kawaida cha kidoleni hakitofautishi damu iliyobeba oksijeni na ile iliyobeba gesi hiyo. Huonyesha namba nzuri huku mtu akizidi kukosa hewa. Ukweli hupatikana kwa kupima damu.

Rafiki aliwakimbiza hospitali. Damu ilithibitisha. Watoto wakawekewa barakoa za oksijeni, kwani kwa hewa ya kawaida mwili huchukua saa nne hadi tano kupunguza nusu ya gesi hiyo, lakini kwa oksijeni safi ni kama saa moja hadi moja na nusu. Baba alikaa kati ya vitanda viwili, viatu vimejaa tope jeupe, hakusema neno.

Fundi alipoliinua gari, aliona kila kitu: gasketi ya maungio ya ekzosi imeungua, bomba lina tundu chini ya sakafu, na sakafu yenyewe ina nafasi za kupitisha moshi. Pazia la nyuma nalo, lililoachwa wazi, lilikuwa likiurudisha ndani. Huko Uingereza gari lililozidi miaka 40 ambalo halijabadilishwa sana halilazimiki kukaguliwa kila mwaka. Hakuna aliyekuwa amelitazama chini. Baba alikuwa amelipaka rangi mara mbili.

Usiku ule alimpigia mama yake Arusha. "Shikamoo mama." Akamweleza yote. Bibi alinyamaza, kisha akasema, "Marahaba mwanangu. Baba yako kila Jumamosi alilala chini ya lile gari tangu asubuhi. Hukumwona? Hakuwa anatafuta rangi."

Gari lilikaa wiki sita bila kuwashwa. Mama hakusema liuzwe. Aliandika masharti kwenye karatasi na kuyabandika mlangoni mwa friji: ekzosi mpya yote; viti vya nyuma vinavyotazama mbele, vyenye mikanda; kengele ya kaboni monoksaidi ya aina inayotengenezwa kwa boti na magari ya kulala; na gari likisimama, injini izimwe. Baba aliyatimiza yote, moja baada ya jingine. Nyumba ya Arusha ikasubiri tena, na safari hii Mama hakulalamika.

Wasomaji wengi hawana gari la jeshi, lakini gesi ni ileile. Iko kwenye jiko la mkaa lililoingizwa chumbani usiku wa baridi na madirisha yakafungwa, iko kwenye jenereta iliyowekwa kibarazani, iko kwenye gari linalopashwa moto ndani ya gereji. Watu wawili au zaidi wakiumwa kichwa mahali pamoja, na wakipata nafuu wakitoka nje, usianze na dawa ya maumivu. Watoe nje, kisha hospitali.

Machi walirudi uwandani. Kabla Baba hajawasha, kijana alibonyeza kitufe cha kengele kuijaribu. Ikalia kwa ukali, mbwa wa jirani akabweka.

"Inafanya kazi," kijana alisema. "Haya baba, washa."