Binti Aliyebonyeza "Hapana" Kwenye Linux, Nusura Aikimbie Fani

Binti mmoja wa Sinza, mwaka wa 3 chuoni, alikuwa na wiki 2 tu kwenye mafunzo kwa vitendo alipopewa kazi yake ya kwanza ya maana. Mfumo wa ofisi unachelewa kufunguka, atafute data inakwama wapi. Akawasha kompyuta yake ya zamani yenye Ubuntu, akaagiza Wireshark, ile programu ya kuchungulia kinachopita mtandaoni.

Katikati likatokea lile dirisha la zambarau: je, watumiaji wa kawaida waruhusiwe kunasa data? Likaonya kuna hatari ya kiusalama, kama huna uhakika bora uache. Sasa nani ana uhakika wiki ya 2 kazini? "Hapana" ilishachaguliwa tayari, akabonyeza Enter. Mistari ikatiririka, kimya.

Programu ikafunguka freshi kabisa, ila kunasa ikagoma. Akaifuta, akaiweka upya, bando linateketea. Na kwa kuwa Ubuntu hutunza jibu la mwanzo, safari hii hata swali halikuulizwa!

Usiku akamwambia mchumba wake, naye mtu wa kompyuta. Jibu: "Bebi, Linux siyo mambo yenu. Rudi Windows." Hapo ndipo alipolia. Asubuhi alishaandika meseji ya kuomba ahamishiwe mapokezi, bado kuituma tu.

Kaka mmoja wa chumba cha seva akamfungulia faili: /usr/share/doc/wireshark-common/README.Debian. Yote yamo. Lirudie swali kwa dpkg-reconfigure, jibu ndiyo, jiweke kwenye kundi la wireshark, toka kwenye akaunti uingie tena. "Dada, tatizo siyo wewe. Karatasi wameiweka uvunguni."

Haki isemwe, lile dirisha huwa linalitaja faili hilo. Lakini hulitaja kabla programu haijawekwa, ukiwa huna la kufanya nalo. Kazi ikiisha, pale unapolihitaji, hakuna anayekukumbusha. Gentoo wao hukusanya maelezo ya vifurushi vyote na kuyarudia mwishoni. Homebrew ukiandika brew info, yanatokea tena hata baada ya mwezi. Tena pazuri kuliko pote ni kwenye kosa lenyewe: imegoma, basi hapo hapo ikwambie ufanye nini. Wireshark za karibuni zimeanza kufanya hivyo, zinaandika mpaka amri za kunakili. Ya kwake ilikuwa ya kale.

Saa 8 mchana akanasa. Kompyuta ilikuwa inauliza anwani kwenye seva iliyozimwa kitambo, inasubiri wee, ndipo inauliza nyingine. Akapiga picha ya skrini, akamtumia mchumba bila neno hata moja.

Tiki 2 za bluu zimeshatoka. Jibu bado.