Neno refu kwenye kaye ya binti

Leo nina kosa la kuungama.

Mama mmoja anayeuza sambaza sokoni hapa Bukavu alinifuata darasani na kaye ya binti yake. Chini ya interro ya Kiingereza nilikuwa nimeandika kwa biki nyekundu: Unreadable. «Mwalimu, mtoto ameshindwa kulisoma neno hili. Nimsaidie namna gani nyumbani?» Nilikuwa na haraka. Nikamjibu: «Mama, wewe Kiingereza hukijui. Acha tu.»

Akasema aksanti, akaenda. Usiku ule usingizi ulinikataa.

Jumamosi nilimfuata sokoni, nikamwomba radhi. Kisha nikamwuliza: «Hatutawasahau, hilo neno lina vipande gani?» Akalikata palepale, mikono ikiwa kwenye samaki: ha, tu, ta, wa, sahau. Kumbe kazi ninayoihangaikia darasani, yeye anaijua tangu utoto!

Nikaliandika lile neno langu kwenye karatasi. Funika un ya mbele, funika able ya nyuma. Katikati inabaki read, kusoma, na binti yake hilo analijua. Able ni kama ile -eka yetu: readable, yenye kusomeka. Un inakataa: isiyosomeka. Vipande vitatu tu.

Kulitamka ni kazi nyingine. Weka mkono chini ya kidevu, useme polepole. Kila kidevu kinaposhuka, hiyo ni silabi. Un-read-a-ble, mara nne. Hapa ndipo watoto wetu wanaanguka, kwa sababu Kiswahili tunakisoma kama kilivyoandikwa, lakini Kiingereza kinaandika ea, herufi mbili, kwa sauti moja, na e ya mwisho kinaimeza. Basi tukate kwanza kwa maana, halafu kwa sauti. Na tusikate ovyo: mwanafunzi wangu mmoja alikata uncle, akaniuliza «cle» ni nini. Uncle ni mjomba, hakatwi!

Mama yule sasa anafunika maneno kwa vidole, binti anasoma kinachobaki. Juma lililopita niliandika unforgettable ubaoni. Binti alinyoosha mkono wa kwanza: un, forget, able, isiyosahaulika. Halafu akakunja uso.

«Mwalimu, forget ina t moja. Hii ya pili imetoka wapi?»