Wanataka Miguu Yako

Kanduyi, Bungoma

Mpwa wangu mpendwa,

Mama yako amenipigia simu kutoka Kitale akaniambia kwamba rafiki zako wa Leipzig wamekuita mara ya tatu, nawe umewajibu wakungoje mpaka uezeke nyumba. Nimelala na neno hilo siku mbili. Leo nakuandikia, maana maneno ya simu husahaulika, na haya nataka uyasome tena.

Nenda. Nenda Desemba hii, mahindi yakishakauka na kuingia guniani.

Najua kinachokuzuia si mabati. Unaona haya kuwatokea watu uliosoma nao, wao wana ofisi na wewe una ekari nne na ng'ombe wawili wa maziwa. Nami nilijizuia hivyo hivyo. Nilipomaliza masomo ya kilimo kule Göttingen mwaka 1985, nilimwahidi mama aliyenipangisha chumba kwamba nitarudi kumwona. Mama huyo alinizoesha mkate wao mweusi, ule mzito wenye uchachu, ambao mwezi wa kwanza nilikuwa naumeza kwa maji. Kila Jumapili alasiri, maduka yote yamefungwa na mtaa umenyamaza, alinigongea mlango: kahawa na keki, na alitaka nimsimulie habari za nyumbani mpaka giza liingie. Niliporudi Kenya nikasema nipate kazi kwanza. Halafu ninunue shamba. Halafu karo ya watoto. Mwaka 1998 nikapokea bahasha yenye ukingo mweusi. Wajerumani hutangaza kifo kwa barua ya namna hiyo, kwa hiyo nilijua kabla sijaifungua. Katika barua zake zote hakuuliza hata mara moja nimepata nini. Aliuliza nitakuja lini.

Kumbuka ulipokaribia kutahiriwa. Hukunitumia mtu. Ulikuja mwenyewe kwa miguu ukipiga kengele za chinyimba, vumbi mpaka magotini, na mimi khocha wako, mjomba wako, nikakuchinjia ng'ombe nikakuvika nyama shingoni mbele ya watu. Ungetuma salamu tu, mimi ningemchinjia nani? Hao wa Leipzig salamu zako wanazo kila wiki kwenye simu. Wanataka miguu yako.

Mjini Kitale utasikia mengine. Tangu Kenya na Ujerumani zitie sahihi mkataba wa wafanyakazi kule Berlin, Septemba 2024, kijana akitaja Ujerumani watu husikia kazi. Kazi ina njia yake na viza yake, na anayeifuata namwombea heri. Wewe unaitwa mgeni, na mgeni hupewa siku zisizozidi 90 ndani ya kila siku 180. Mmoja wa rafiki zako amesema atakwenda ofisi ya wageni kutia sahihi kwamba atabeba gharama zako. Ujue uzito wa karatasi hiyo: ukijificha huko ukakamatwa na kurudishwa, deni linamwangukia yeye. Atakayekuambia "ukifika potea" hajui kwamba anakuambia umwibie aliyekufungulia mlango.

Zawadi isikusumbue. Beba kahawa ya Mlima Elgon, ile ya upande wa Kimilili, iliyokaangwa tayari. Nyama na maziwa usibebe kabisa, forodha yao hairuhusu. Na siku ya tatu, lile jembe la mgeni kwao ni sahani za jikoni: amka ukaoshe kabla hujaambiwa.

Ukiwa huko, usikubali mkeshe na hadithi za zamani tu. Wewe ni mtu wa kwaya. Ijumaa jioni nenda kanisa la Thomaskirche ukawasikilize wale wavulana wa kwaya yake, mahali ambapo Johann Sebastian Bach aliongoza muziki tangu 1723 mpaka alipofariki mwaka 1750. Kaburi lake limo humo ndani. Desemba huimbwa Weihnachtsoratorium, kazi aliyoyatungia makanisa ya mji huohuo kwa Krismasi ya 1734. Uliniambia kwamba ulipokuwa mwanafunzi ulipita mlango ule kila siku ukikimbilia tramu. Sasa ingia, ukae.

Baba wa rafiki yako muulize habari za tarehe 9 Oktoba 1989, jioni ambayo watu wapatao 70,000 walitembea katika barabara za Leipzig kuipinga serikali yao, wasijue kama watapigwa risasi, na risasi hazikupigwa. Kama alikuwamo, mwache aseme hata kahawa ipoe.

Siku moja pandeni treni hadi Berlin, kwenye makumbusho ya viumbe, Museum für Naturkunde. Humo amesimama mnyama wa kale mwenye kimo cha zaidi ya mita 13, ambaye mifupa yake ilichimbwa Tendaguru karibu na Lindi kati ya 1909 na 1913, enzi za utawala wa Wajerumani. Wapagazi wa Kiafrika ndio walioibeba mpaka pwani, mwendo wa siku kadhaa porini. Simama chini yake na rafiki yako, umwambie hivyo. Msinyamaziane kwa sababu ya adabu. Mimi na yule mama tuliogopa kuzungumza mambo ya namna hiyo, na hilo nalo ninalijutia.

Halafu nina ombi. Göttingen si mbali sana na Leipzig kwa treni. Kule kaburi hupangishwa kwa miaka ishirini na kitu, na muda ukiisha bila mtu kulipia, huondolewa, mahali pale wakazikwa wengine. Huenda la kwake halipo tena. Ukilikuta, weka ua. Usipolikuta, binti yake bado anakaa katika nyumba ile. Hunitumia kadi kila Krismasi, na anwani nimeiandika nyuma ya bahasha hii. Mpelekee nusu ya ile kahawa. Mwambie imetoka kwa yule mwanafunzi wa chumba cha juu.

Khocha wako