Gitaa Kavu

Wanamuziki wa Tanzania huliita gitaa lisilotumia umeme gitaa kavu. Lina tumbo, lina tundu katikati, na sauti yake inatoka kwenye mbao zenyewe. Jina hilo limeenea nchi nzima, lakini kwangu mimi ni kama limetungwa Singida. Huku kwetu mvua zikishakata baada ya Aprili, hatuzioni tena mpaka Novemba au Desemba. Upepo unavuma kati ya majabali kutwa nzima. Midomo inapasuka, visigino vinapasuka, na mlango uliokuwa ukikwama mwezi wa tatu unacheza kwenye fremu ifikapo mwezi wa tisa. Ubao wowote uliomo ndani ya nyumba unajua huu ni mwezi gani.

Siku za kazi nafundisha sekondari. Jumamosi naimba kwenye shughuli: send-off, harusi, kipaimara, mara mojamoja mahafali. Naimba peke yangu na gitaa wakati wageni wanaingia na wakati wanakula, kabla DJ hajauchukua ukumbi. Si kazi kubwa, ila ndiyo inayolipa chumba cha mdogo wangu anayesoma chuo Dodoma. Kwa miaka mitatu nilitumia gitaa kavu la kwaya, la kuazima, huku maiki ya pili ikisimamishwa mbele ya tundu lake.

Aliyewahi kupiga hivyo anaijua adha yake. Maiki inalisikia gitaa, inaisikia spika, inazisikia sahani, inamsikia na mjomba anayeomba soda ya pili. Fundi mitambo akiongeza sauti, spika inapiga mluzi. Akipunguza, gitaa linapotea nami nabaki naimba kama mtu anayesoma matangazo ya ibada. Na shughuli ikiwa nje, chini ya turubai, upepo unaingia kwenye maiki na wageni wote wanasikia dhoruba.

Baada ya send-off moja ya mwezi wa nane, mwenye shughuli alinipa nusu ya tulichokubaliana. Hakuwa mkali. Alisema, “Mwalimu, sauti yako tumeisikia. Gitaa tumeliona tu.”

Nilimsimulia mama kwa kicheko, kama kisa. Wiki iliyofuata akauza magunia sita ya alizeti aliyokuwa akiyalinda mpaka bei ipande. Alikuja na 300,000 zimefungwa kwenye pindo la kanga. Pesa ya alizeti nyumbani kwetu ina kazi zake zinazojulikana: bati, mbegu, matibabu. Haijawahi kuwa gitaa. Mimi nilikuwa na 350,000 zangu. Aliponikabidhi aliniuliza swali moja tu: “Hilo la waya, umeme ukikatika linalia?”

Ilikuwa Septemba 2023, na mgao wa umeme ulikuwa umeanza. Nikamwambia linalia, mama, ni gitaa kavu lililotiwa waya. Akaitikia “haya” ile ya mtu anayesubiri kuona.

Kutoka Singida mpaka Dar ni kama kilomita 700, na njia nzima nilikuwa natazama video za wazungu wanaolinganisha magitaa. Wanakaa kwenye vyumba vyenye mazulia. Wanapiga noti moja, wanafumba macho, wanasema hili lina joto, hili lina mng’ao. Hakuna hata mmoja aliyejibu swali la mama.

Kariakoo, muuzaji alinipokea vizuri. “Karibu dada. Unamnunulia nani?”

“Najinunulia.”

“Aa, la kanisani.”

“La kazini.”

Akaninyooshea kiti. Kufikia saa nane mchana nilikuwa nimejaribu saba na kubakiza matatu.

La kwanza lilikuwa jembamba, tumbo lake halifiki upana wa kiganja, limekatwa begani ili mkono ufike freti za chini. Pikapu yake ilikuwa safi sana. Pikapu, ndiyo, jina lilelile la gari la mizigo, na kazi zao zinafanana: inabeba sauti kutoka shamba kuipeleka mjini. Ile inayowekwa kwenye magitaa mengi ya aina hii ni utepe mwembamba unaolazwa chini ya kile kipande cheupe kinachobeba nyuzi. Ndani yake mna kitu kiitwacho piezo. Ndugu wawili Wafaransa, Jacques na Pierre Curie, ndio walioonyesha mwaka 1880 kwamba baadhi ya fuwele zikibanwa hutoa umeme. Kama una jiko la gesi linalotoa cheche kwa kuzungusha kitasa, bila betri wala kiberiti, unayo piezo jikoni. Kwenye jiko unaibana kwa mkono, kwenye gitaa zinaibana nyuzi.

Maana yake ni kwamba haisikilizi hewa. Haumsikii mjomba wala upepo. Kwa mtu wa Singida hilo peke yake lingetosha kufunga mjadala. Ila umeme wake ni mdogo mno, kwa hiyo ubavuni mwa gitaa hukaa priampu, kisanduku chenye vitufe vya kukuza na kurekebisha sauti, kinachoendeshwa na betri ya volti 9. Na sauti yake ni kavu kwa maana nyingine: ngumu, ya haraka, kana kwamba nyuzi zimefungwa juu ya sinia. Wanaoipenda sauti ya mbao huichukia.

La pili lilikuwa zuri kuliko yote. Ubao wake wa mbele ulikuwa mmoja mzima, si tabaka zilizogundishwa kama plaiwudi. Nilipopiga chodi ya kwanza nililisikia kifuani kabla ya masikioni. Nadhani nililishika dakika arobaini. Muuzaji aliacha kunisemesha, akaenda kuhudumia watu wa kinanda, akarudi, akanikuta palepale. Alikuwa anataka 640,000 na alijua anazipata.

La tatu sikulitazama mara mbili mpaka saa tisa. Tumbo la kawaida, si nene si jembamba, mbao za tabaka mbele na nyuma, pikapu ya piezo, priampu yenye vitufe vitatu tu. “Hilo la wanaoanza,” alisema, akijaribu kunisaidia.

Hapo ndipo nilipowakumbuka wazee wetu wanaoliita gitaa kavu galatoni. Jina hilo linatokana na Gallotone, magitaa ya kampuni ya Gallo ya Afrika Kusini yaliyosambaa sehemu kubwa ya Afrika. Yalikuwa magitaa ya bei nafuu. Gitaa la kwanza la John Lennon, kule Liverpool, lilikuwa Gallotone Champion, na ndani yake palikuwa na kikaratasi kilichobandikwa kuahidi kwamba halitapasuka. Watu wa Ulaya huisimulia ahadi hiyo kama kichekesho. Mimi siioni kuwa kichekesho. Ubao mmoja mzima unapenda unyevu wa asilimia 45 hadi 55. Uache chumbani kwangu mwezi wa tisa utatoa maji yake kama nyama ya kukausha: kifua kinabonyea, ncha za freti zinachomoza na kukwaruza kiganja, na mwisho ufa mrefu unafuata mishipa ya ubao. Mbao za tabaka zimelazwa zikipishana, moja inaizuia nyingine. Hazina sauti nzito hiyo, lakini zinakaa.

Wapo wanaolinda magitaa ya ubao mzima kwa kuweka sifongo yenye maji ndani ya kisanduku cha sabuni kilichotobolewa matundu, humo humo kwenye begi la gitaa. Inasaidia. Nilijiona nikiamka usiku kulinywesha gitaa maji wakati ndoo za nyumbani nazihesabu. Nikaendelea kulishika hata hivyo.

Magitaa yote matatu nilikuwa nimeyasikia kwenye spika ya dukani, kubwa, mpya, ya maonyesho. Nikamwomba muuzaji tutumie ile ndogo iliyokuwa mlangoni, aliyokuwa akiitangazia bei, yenye koni iliyopasuka kidogo. Alicheka. “Dada, ile inaharibu kila kitu.” Nikamwambia kumbi zangu zote zina ndugu zake.

Kweli iliharibu kila kitu, ila si kwa kiasi sawa. Gitaa zuri liligeuka kuwa ngoma. Kifua chake kilikuwa chepesi mno kiasi kwamba sauti ya spika ilirudi kukitikisa, kikaanza kunguruma peke yake hata kabla sijagusa uzi. Huu si ule mluzi wa maiki; ni mngurumo wa chini, kama lori linaloacha injini ikiwaka nje ya dirisha. Kuna mfuniko wa mpira wa kuziba tundu, unapunguza sana, lakini kwa lile haukutosha. Gitaa jembamba lilitulia kabisa hata nilipolielekeza kwenye koni. La tatu lilinguruma kidogo, nikatia mfuniko, likanyamaza.

Tatizo la mngurumo lina historia ndefu. Charles Kaman, Mmarekani aliyekuwa mtengenezaji wa helikopta, ndiye aliyeanzisha magitaa ya Ovation katika miaka ya 1960, yenye mgongo wa mviringo usio wa mbao. Palikuwa na moja la mtindo huo pale dukani, na kwa sauti sina neno nalo. Kwa mwanamke aliyevaa kitenge cha sherehe na kuketi kwenye kiti cha plastiki, linateleza kama tikiti maji.

Jaribio la mwisho lilikuwa la mama. Nilichomoa waya. Nikamwomba kijana wa dukani avuke njia, asimame kwenye duka la sufuria, aniambie anasikia nini. Lile jembamba: “Naona mkono tu.” Lile zuri: akainua dole gumba kabla sijamaliza. La tatu: akatikisa kiganja, hivi na hivi, ndiyo na siyo.

Nilichukua la ndiyo na siyo. Tulishindana kwa bei mpaka 540,000 pamoja na waya, mfuniko wa mpira na betri mbili. Lile la ubao mzima nililirudisha ukutani mwenyewe, nikalifuta alama za vidole kwa upindo wa mtandio. Kwa miezi kadhaa nilipoingia mtandaoni nilikuwa naangalia kama bado lipo.

Sauti ngumu ya piezo imenichukua muda. Nilijifunza kushusha kitufe cha sauti kali karibu nusu, na kuusogeza mkono wa kulia kuelekea shingoni, nyuzi zinapolegea. Kuna mkwaruzo unaobaki, na siku hizi sihangaiki nao. Jirani zetu Wagogo wana ilimba, ile aliyoipiga Hukwe Zawose mpaka majukwaa ya Ulaya, ambayo kwa makusudi hutobolewa vijitundu na kuzibwa kwa utando wa buibui ili kila noti itoe mvumo. Sauti safi kabisa ni ladha ya watu fulani. Mwaka 1952, Hugh Tracey alipomrekodi Mwenda Jean Bosco kule Jadotville, siku hizi Likasi, palikuwa na mtu mmoja, gitaa kavu lake na Kiswahili chake, bila pikapu yoyote, na rekodi hizo bado zinawashughulisha wapiga gitaa. Lakini hapakuwa na mtu anayegawa pilau pembeni yake.

Betri nimejifunza kuitunza. Priampu huwaka pale waya unapochomekwa, si pale unapoanza kupiga, kwa hiyo ukiacha waya gitaani wakati MC anatambulisha ukoo wa bibi harusi mpaka wa mwisho, unalipia utambulisho huo. Za volti 9 napata kwa fundi redio mmoja hapa mjini. Ananiwekea mbili kila mwisho wa mwezi, na huzijaribu kwa mita mbele yangu, maana anajua zipo zinazouzwa zikiwa zimekufa.

Januari 2024 nilikuwa kwenye harusi Ikungi. Ukumbi ulikuwa umejaa, mama alikuwa meza ya tatu kwa sababu bwana harusi ni wa upande wa shangazi. Gitaa lilikuwa linasikika vizuri mpaka mlangoni, fundi mitambo hakuwa amegusa chochote kwa nusu saa. Nikiwa ubeti wa pili, umeme ukakatika. Feni zilizunguka mara chache zikasimama. Watu wakasema “aaah” kwa pamoja, kama kawaida, simu zikaanza kuwaka.

Sikuacha kupiga. Nilipandisha mkono, nikapiga kwa nguvu karibu na daraja. Meza ya kwanza walisikia. Meza ya pili, nadhani, walisikia nusu. Nikamwona mama ameinamisha kichwa upande wa sikio lake zima, akamgusa bega mtu aliyekuwa anaongea naye, anyamaze. Yule akanyamaza. Kisha wale wa nyuma yake nao wakashusha sauti ili wajue kulikoni. Viti vikaanza kuburuzwa.

Jenereta liliwaka nikiwa ubeti wa nne. Taa zilirudi, spika ikakohoa, na fundi mitambo akanyanyua mkono wake kutoka kwenye mikisa, akiniuliza kwa ishara kama anirudishe hewani. Nikatikisa kichwa, asubiri kwanza.